Kikao cha Kimya

Breki aliandika neno moja tu chini ya kazi yangu ya msimu mzima: "Nani?"

Nililisoma nikiwa nimesimama jikoni kwa shangazi, mwiko mkononi, nikasubiri labda kuna sentensi inakuja nyuma yake. Haikuja. Breki si mtu wa sentensi. Ni mmoja wa wasimamizi wa Chekeche, na jina hilo tulimbandika sisi wachangiaji kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kupita mbele yake bila kupunguzwa mwendo. Sijui anaishi wapi wala ana umri gani. Najua anaandika Kiswahili safi, hatumii alama ya mshangao, na asubuhi yake inaangukia mchana wetu.

"Nani nini?" nikamjibu.

"Nani ataitumia. Si wewe. Mtu."

Nilimsomea shangazi maneno hayo, hasa lile la mwisho. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo wewe si mtu, Profesa?"

Ameniita Profesa tangu siku niliyorudi na shahada yangu, na hajawahi kuniita hivyo kwa kunisifu.

Chekeche ni programu ya chanzo huria, yaani yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa, kuichukua bure na kuiongezea kitu, mradi wasimamizi wakubali. Kazi yake ni kujibu maswali. Unaipa mafaili, hata yawe maelfu, nayo inayachukulia kama jedwali moja kubwa. Unauliza, inachekecha, inakuletea mistari unayoitaka. Inajua kusoma mafaili ya kila namna. Pakiti za mtandao ilikuwa haijui, na hapo ndipo nilipoingia mimi na moyo wangu uliojaa.

Chochote kinachopita kwenye mtandao, iwe picha, barua au sauti ya mtu, hukatwa vipande vidogo, ndizo pakiti. Kila pakiti huvaa bahasha: imetoka wapi, inakwenda wapi, inabisha mlango gani. Fundi anaweza kuzinasa zikipita na kuzihifadhi kwenye faili. Balaa linakuja baadaye, kuzisoma. Zipo programu nzuri za kufungua faili moja na kulitazama pakiti kwa pakiti, lakini mwenye mafaili ya miezi akizitumia ni sawa na mtu aliyeambiwa atafute unywele mmoja kwa kukagua vichwa vya mji mzima.

Na mwenye mafaili ya miezi alikuwa shangazi. Yeye ni fundi wa mtandao kwenye kituo cha simu za dharura, pale watu wanapopiga kuomba gari la wagonjwa. Simu zilikuwa zinakatika. Si zote, na si kila siku. Mtu anasema, "Mume wangu ameanguka, sisi tuko nyuma ya," halafu kimya. Mpokeaji anapiga tena na tena, na wakati mwingine hapokelewi. Shangazi alikuwa na hakika kosa ni la kampuni inayoleta laini. Kampuni ilikuwa na hakika kosa ni la kituo. Mkuu wa kituo alikuwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba anataka ushahidi. Kwa hiyo shangazi alichomeka kisanduku cha kunasia, akakipanga kichukue mwanzo tu wa kila pakiti ili sauti za wagonjwa zisihifadhiwe, akakusanya mafaili mpaka kabati la seva likaanza kulalamika.

Nilimwambia: usihangaike, nitaifundisha Chekeche kusoma pakiti, utayauliza mafaili yako yote swali moja, nani anayekata simu, nayo itakujibu kabla chai haijapoa. Niliamini hivyo kabisa. Bado naamini kwamba mtu mwenye swali hapaswi kuzuiwa na ukubwa wa faili.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mkuu wa kituo hakuruhusu programu yoyote iguse mashine zake isipokuwa toleo rasmi, lililotiwa muhuri na wenye programu. Kwa majaribio alitupa kompyuta moja kuukuu isiyounganishwa na chochote, na faili la asubuhi moja. Basi. Kisomaji changu kisipoingia kwenye toleo hili la Chekeche, shangazi atasubiri linalofuata, nusu mwaka mzima wa watu kukatikiwa simu katikati ya sentensi. Na mlango wa toleo hili ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Sasa rudi kwa Breki. Alikuwa ameshanikagua mpaka nikachoka kuona jina lake. Aliuliza kama nimejaribu mafaili ambayo namba zake zimeandikwa kuanzia mwisho. Nilikuwa nimejaribu. Aliuliza itakuwaje faili likikatika katikati ya pakiti. Nikarekebisha. Aliuliza kwa nini nimeacha nafasi mbili badala ya moja kwenye mstari ambao hata mama yangu mzazi asingeuona. Nikang'ata meno, nikafuta nafasi. Nilipodhani tumemaliza, ndipo akaja na "Nani?"

Maana Chekeche ina desturi yake, na Breki ndiye kuhani wake. Kisomaji kipya hakiingii mpaka kikao cha kimya kifanyike. Mtumiaji wa kweli, mwenye faili la kweli, anaketi mbele ya kompyuta na karatasi ya maelezo, anauliza maswali matatu yanayomhusu. Msimamizi anamwangalia kupitia simu ya video. Mwandishi anakaa pembeni na haruhusiwi kusema kitu.

"Wewe?" shangazi alisema. "Usiseme kitu? Huyo Breki anakufahamu kweli?"

*

Tulifanya kikao Jumatano kwenye karakana ya shangazi, chumba chembamba nyuma ya ukumbi wa simu. Upande mmoja makabati ya seva yananguruma, upande mwingine rafu ya nyaya zilizoviringwa, katikati kiti kimoja kizima na kimoja kinachoyumba. Kizima alikalia yeye. Simu yangu niliisimamisha kwenye rafu ili Breki aone skrini na sisi wawili. Yeye hakuonekana. Palikuwa na duara jeusi tu, na sauti ya mtu aliyekwishachoka kabla hatujaanza.

"Mwandishi, uko tayari kunyamaza?"

"Niko tayari."

"Hujaanza vizuri. Mtumiaji, karibu."

Shangazi alivaa miwani, akasoma maelezo yangu kwa sauti kama anayesoma hati ya mashtaka, kisha akaanza kuandika jina la faili. Yeye huyapa mafaili majina marefu yenye nafasi katikati. Chekeche haipendi nafasi katikati ya jina mpaka uzungushie alama za nukuu. Aliandika bila alama, ikakataa. Akaandika tena vilevile, kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, ikakataa tena. Mara ya tatu aliigonga meza.

"Shangazi, weka tu alama za..."

"Kikao kimevunjika," alisema Breki.

"Nimesema neno moja!"

"Umesema matano. Anzeni upya."

Tulianza upya. Nilikalia mikono yangu, sijui kwa nini, kwani si mikono iliyokuwa inaniponza. Safari hii shangazi alifungua faili, akaomba idadi ya pakiti, akaipata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Swali la kwanza likapita. Kisha akataka kuona pakiti za saa nne asubuhi, wakati simu moja ilipokatika. Jedwali likaja tupu.

"Ehe," alisema. Akaomba saa zote. Akazikodolea macho. "Hii inasema tulianza kazi usiku wa manane. Saa hizo mimi sipo kituoni, niko kwangu nimelala. Huyu mtoto anasoma saa ya nchi gani?"

Pakiti huandikwa kwa saa ya dunia nzima, si ya kwetu, na ukitaka ya kwetu unaiambia Chekeche. Nilikuwa nimeeleza hayo. Aya ya tatu. Aya ya tatu ilikuwa pale mbele yake, chini ya kidole gumba chake!

Nilikohoa.

"Kikao kimevunjika."

"Nina mafua, jamani!"

"Umekohoa ukiitazama aya ya tatu," alisema Breki.

Shangazi aligeuka akanitazama juu ya miwani. "Profesa. Unajua mimi nina kazi? Kule ukumbini printa imelala, swichi ya mtandao ya ghorofa ya juu inawaka taa nyekundu, na niko hapa nacheza mchezo wa watoto na wewe?"

"Samahani, shangazi."

"Mwandishi akitoa sauti mara nyingine," alisema Breki, "mtumiaji huyu hatahesabika tena. Atakuwa amechafuka."

"Nitakuwa nimefanyaje?" shangazi aliuliza.

"Amechafuka. Amepewa dokezo na mwandishi."

"Kijana, mimi nimeoga asubuhi."

Breki hakucheka. Sijui kama walikuwa wamemfundisha.

Shangazi aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyo mlangoni, akarudi na kikombe kimejaa. "Jaza mdomo. Usimeze. Tuone utaongea na nini."

Nilijaza. Mashavu yakavimba. Wakati huo ndipo Da' Zamu alipochungulia mlangoni. Yeye ni mpokea simu wa zamu ya mchana, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza ambayo nimeisikia ikimtuliza mtu aliyekuwa anapiga kelele kwa lugha tatu. Alinitazama, akamtazama shangazi, akauliza kwa upole uleule: "Ni jino?"

"Ni mdomo," shangazi alimjibu. "Funga mlango, dada yangu."

Kikao cha tatu kilianza vizuri mno, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Shangazi alisoma aya ya tatu. Saa zikakaa sawa. Swali la pili likapita. Nikajikuta natabasamu na maji yangu, kimya kama maji ya mtungi. Lilibaki moja, lile lililotuleta pale. Shangazi aliandika taratibu, akiomba pakiti zote zilizotoka kwenye simu za ukumbi kwenda popote.

Sifuri.

Alikagua anwani. Zilikuwa sahihi. Akauliza tena. Sifuri.

Nami nilijua, papo hapo, jinsi unavyojua umeacha jiko linawaka. Vituo vikubwa huzipa simu njia yao ndani ya waya uleule, zisigombanie nafasi na kompyuta, na kila pakiti inayopita njia hiyo hubandikwa kibandiko, baiti nne tu, katikati ya bahasha. Kisomaji changu hakikuwa na habari ya kibandiko. Kilipokutana nacho kiliona alama kisiyoijua, kikaiacha pakiti hiyo na safu tupu, bila anwani, kisha kikaendelea na safari kwa amani. Nilikuwa nimejaribu kazi yangu yote nyumbani, ambako hakuna anayegawa njia kwa sababu kuna kisanduku kimoja cha intaneti, kompyuta yangu na televisheni ya shangazi. Pakiti za simu zilikuwemo kwenye faili lile. Zilikuwepo zote. Ila jedwali langu lilizifanya kama hazina jina.

"Sifuri," alisema shangazi polepole. "Yaani hapa simu hazijapita kabisa. Miezi yote hii kisanduku changu kiko kwenye tundu lisilo lake."

Alivua miwani. Niliona uso wake ukibadilika, si hasira, ni ile sura ya mtu anayehesabu kazi aliyoifanya bure.

"Nakwenda kukihamisha sasa hivi," akasema, akachukua bisibisi. "Kitu cha dakika mbili."

Si cha dakika mbili. Kuhamisha kile kisanduku ni lazima uipange upya swichi inayobeba simu za ukumbi, na mara ya mwisho alipoigusa mchana, simu zote zilizima na kuwaka upya. Alinihadithia mwenyewe, akiwa amekosa usingizi: mama mmoja alikuwa anaelekeza njia ya kwao. Ukutani nyuma ya kabati kuna kioo kidogo kinachoonyesha ukumbi. Da' Zamu alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kichwa kimeinama, mkono umeziba sikio moja, anaandika haraka. Wawili wengine kando yake hivyohivyo.

Nilimshika shangazi mkono. Akaupangua. Nikamvuta kwa nyuma ya koti. "Niache, we mtoto, una nini?" Nikaonyesha kioo, nikaonyesha kompyuta, nikatikisa kichwa, nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Yeye alishafungua kabati.

Nilitema maji yote juu ya sakafu.

"Usiguse! Kisanduku kiko sawa! Ni mimi! Ni kisomaji changu, hakisomi kibandiko cha njia ya simu!"

Bisibisi ilibaki hewani. Makabati yakanguruma. Maji yakaanza kuelekea kwenye soketi, na sote wawili tukaangukia magoti kuyafuta kwa koti langu.

"Kikao kimevunjika," alisema Breki kutoka rafuni.

"Tumesikia!" tulimjibu kwa pamoja.

*

Kurekebisha kibandiko chenyewe hakukuwa na ugumu. Alhamisi mchana kilikuwa kinasomwa, na pale ambapo kisomaji kinakutana na kitu kisichokijua, sasa kinasema hivyo kwenye safu yake badala ya kujitia hamnazo. Niliihamisha aya ya saa ikawa ya kwanza. Niliandika habari ya alama za nukuu kwa herufi kubwa. Breki alipitia akasema kazi imekuwa bora, jambo ambalo siku nyingine ningelichapisha na kulitundika ukutani.

"Lakini huna mtumiaji," akaongeza.

"Shangazi yupo. Breki, tafadhali. Niliongea kwa sababu kulikuwa na watu kwenye simu."

"Najua kwa nini uliongea. Hata mimi ningeongea. Lakini sasa anajua kosa lilipo. Hawezi kunionyesha kama mtu asiyejua atafika kwenye jibu."

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba alikuwa na haki. Ukigombana na mtu mkorofi unapata hata raha kidogo. Mtu mwenye haki unagombana naye mpaka lini?

Niliwapigia wenzangu tuliosoma pamoja. Mmoja hakuwa na faili, mwingine alikuwa na faili hana swali, wa tatu alisema atanipigia, na bado anakuja kunipigia. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye karakana ya shangazi kumwambia nimeshindwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema kiutu uzima. Badala yake nilishika tama kwenye kile kiti kinachoyumba na kulia.

"Usinililie kwenye vifaa," alisema, lakini alinipa kitambaa chake. "Nusu mwaka. Haya. Tumekaa miezi mingapi, tutakaa na hii. Wale wa kampuni watafurahi."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Da' Zamu, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Imekatika tena! Fundi, imekatika tena, na alikuwa mtoto! Mtoto mdogo, bibi yake haamki, nimempata mara ya pili kwa bahati tu. Mimi sitaki tena kusikia habari ya kampuni. Nani anazikata hizi simu? Nani?"

Nami nikalitazama lile neno likining'inia hewani, neno la Breki, safari hii likiwa na alama zote za mshangao duniani.

"Dada," nilisema, "unaweza kukaa kwenye kompyuta kidogo?"

"Mimi? Mimi najua jedwali la zamu tu."

"Jedwali ni jedwali."

Nilimwandikia Breki. Halafu mimi mwenyewe, niliyehubiri kutwa kwamba yeyote mwenye swali aweze kuuliza, niliingiwa na woga nikaongeza: "Ila yeye si fundi, huenda tukapunguza maswali?"

Jibu lilikuja upesi: "Hapana. Wewe na shangazi yako mtoke nje."

*

Kwenye korido kuna benchi la mbao linaloelekea ukutani, na ukutani hakuna kitu. Tulikaa. Da' Zamu alikuwa ameomba mwenzake ashike simu zake wakati wa mapumziko yake. Mlango wa karakana ulifungwa, sauti zilifika kama zinatoka chini ya godoro.

"Amenyamaza," nilisema.

"Anasoma."

"Amenyamaza muda mrefu."

"Wewe umeandika kirefu."

Nikasimama. Shangazi akanivuta sketi nikakaa. Tukasikia vitufe, kimoja kimoja, kama mvua inayosita. Kisha kimya. Kisha Da' Zamu akasema kitu ambacho hakikusikika vizuri, na Breki hakumjibu, maana hatakiwi kujibu.

"Kakwama," nilisema.

"Basi akwame."

"Shangazi, akikwama hata kwenye alama za nukuu..."

"Ukiendelea nitakuletea kikombe."

Nilitazama ukuta. Niliwaza jinsi nilivyoandika maelezo yale nikimfikiria mtu anayefanana na mimi, mwenye subira ya kusoma kila kitu mpaka chini. Da' Zamu hana hiyo nafasi. Yeye kazi yake ni kumsikia mtu akisema maneno manne na kujua amtume nani wapi. Nilianza kuomba msamaha kimoyomoyo kwa kila aya.

Tulisikia kiti kikisukumwa. Mlango ukafunguka.

"Njooni muone," alisema Da' Zamu.

Kwenye skrini kulikuwa na mistari michache, safi, imepangwa kwa saa ya kwetu. Alikuwa ameuliza swali la kwanza: asubuhi ile ya kwenye faili simu yake ilipata pakiti ngapi. Anwani ya simu yake aliijua kwa sababu imebandikwa chini ya simu yenyewe, na yeye huitazama kila anapofuta vumbi. Swali la pili aliuliza ni zipi kati yake zenye ujumbe wa kwaheri, ule ambao mtambo mmoja huutuma kwa mwingine kukata mazungumzo. Mfano wa swali hilo ulikuwemo kwenye maelezo, yeye akabadilisha anwani tu. La tatu, ile kwaheri ya saa nne na kitu, alipokuwa anaongea na baba mmoja aliyeanguka ngazini, ilitoka kwa nani.

Shangazi alivaa miwani akainama. Akasoma anwani. Akaisoma tena kwa kidole.

"Haiwezekani."

"Ni ya nani?" Da' Zamu aliuliza. "Mimi sikuitambua. Ya kampuni?"

Shangazi aliinua kichwa. Alitazama kona ya karakana, kwenye kabati la chini kabisa, ambako mtambo wa simu wa kituo ulikuwa unawaka taa zake za kijani, mnyenyekevu, kama kitu kisichojua lolote. Aliununua yeye. Aliufunga yeye.

"Ya kwetu," akasema. "Kwaheri inatoka kwetu. Hili lijitu linawakatia watu lenyewe."

"Ni faili moja, shangazi," nilisema. "Asubuhi moja. Tuyaulize yote ndipo tujue."

"Nitayauliza yote. Kila moja. Lakini macho yangu hayana makengeza." Alijiegemeza kwenye rafu. "Wale watu wa kampuni nimewatukana mpaka wamehamisha kijana aliyekuwa anapokea simu zangu. Nimemwambia meneja wao aende akauze nyanya!"

Nilikuwa nimeahidi jibu, na jibu lilikuja, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jibu halichagui upande.

"Mtumiaji," sauti ya Breki ilitoka rafuni, "limebaki swali la kawaida la kufunga kikao, nalo nauliza mimi. Ungeitumia programu hii mwandishi akiwa hayupo karibu?"

Da' Zamu alinitazama, akafikiri kwa haki kabisa.

"Akiwa hayupo ndiyo," alisema. "Jumatano nilimkuta humu amejaza maji mdomoni, ameking'ang'ania kiti. Akiwepo nisingeigusa."

Kutoka kwenye lile duara jeusi ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama mlango mkuukuu unaofunguliwa. Ilichukua muda kuelewa kwamba Breki anacheka.

"Imepita," alisema. "Inaingia kwenye toleo la leo. Mwandishi, kwenye mstari wa mwisho umeacha nafasi mbili."

Kengele ililia ukumbini. Da' Zamu alishatoka mbio, na kabla mlango haujajifunga tulimsikia akisema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Dharura, karibu, nieleze uko wapi." Shangazi aliutazama mlango mpaka ulipotulia. Kisha alivuta simu ya mezani, akatafuta namba ya kampuni, akabaki ameshika mkono wa simu bila kubonyeza.

"Nitaanzaje?" aliniuliza. "Hebu sema, maana wewe maneno hayakuishii."

"Anza na samahani."

"Hiyo naijua. Baada ya hapo?"

Alibonyeza namba kabla sijamjibu, na upande wa pili ukaanza kuita.